Shajara ya mradi: rufaa za madai ya ulemavu VA, kwa Kiswahili

Mradi ni kijitabu cha kurasa zisizozidi 40 kwa askari wa zamani wa jeshi la Marekani waliokataliwa madai ya ulemavu na Wizara ya Mambo ya Maveterani, ile ambayo kila mtu huiita VA. Wasemaji wa Kiswahili wamo jeshini kwa njia nyingi. Mpango wa MAVNI, wa kuandikisha jeshini wageni wenye ujuzi wa lugha bila kadi ya kijani, uliosimama mwaka 2016, ulikuwa na Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake, na wengine waliingia kwa kadi ya kijani tu. Hao Kiingereza wanakijua. Anayekwama ni mke, mama au kaka anayepokea bahasha nyumbani wakati mwenyewe yuko kazini au hajiwezi. Kijitabu ni cha wote wawili, na shajara hii inaonyesha kilichoandikwa, kilichofutwa na sababu yake.

Wiki ya 1: maneno

Neno la kwanza kuleta ubishi ni "mstaafu". Magazeti huandika "wanajeshi wastaafu", lakini aliyetumikia miaka 4 akatoka hajioni kuwa mstaafu. Kwake mstaafu ni mzee mwenye pensheni, kwa hiyo anaona habari hiyo haimhusu na kupita. Tumeshika "askari wa zamani".

"Ulemavu" ni zito zaidi. Wapo wanaoacha pesa zao mezani kwa sababu ya neno hilo: mimi natembea, naona, nafanya kazi, ulemavu uko wapi? Kwa sheria ya VA, mlio wa masikioni usiokoma ni ulemavu wa asilimia 10. Hatukubadili neno, maana ndilo la kisheria, ila ukurasa wa kwanza sasa unasema hivyo kabla ya jambo lingine lolote.

La tatu lilituchekesha. Sheria inadai kitu kinachounganisha ugonjwa na utumishi, nasi katika rasimu ya kwanza tuliandika "kiungo". Msomaji mwenye dai la goti akaandika pembeni: kiungo kipi, cha goti au cha nyonga? Sasa ni "uhusiano".

Majina ya fomu tumeyatafsiri, lakini namba ndiyo ya kushika. Dai la nyongeza ni Fomu 20-0995. Mapitio ya ngazi ya juu ni 20-0996. Rufaa ya Bodi, yaani kwa majaji wa rufaa wa VA, ni 10182.

Wiki ya 2: tarehe

Sura hii tulipanga iwe nusu ukurasa, imefika kurasa nne, na haitapunguzwa.

Kanuni ni mwaka mmoja tangu tarehe iliyo kwenye barua ya uamuzi. Ukifungua mojawapo ya njia tatu (dai la nyongeza, mapitio au Bodi) ndani ya mwaka huo na mwishowe ukashinda, malipo yanahesabiwa kuanzia dai la awali. Ukipitisha mwaka, bado unaweza kuleta dai la nyongeza, lakini saa inaanza upya siku linapopokelewa. Kila uamuzi mpya wa kukataa hufungua mwaka mwingine, mradi kamba isikatike.

Mtego wetu sisi ni namna ya kuandika tarehe. Wamarekani hutanguliza mwezi. Barua yenye 03/07/2024 ni ya tarehe 7 Machi. Aliyesoma Dar es Salaam au Nairobi ataona 3 Julai, atajipa miezi minne ambayo hana, na karatasi itafika ikiwa imechelewa. Kijitabu kinaagiza: andika mwezi kwa maneno juu ya bahasha siku ileile inapofika.

Ili uzito uonekane tumetunga faili la mfano (si la mtu yeyote) litakalopita sura zote. Ni askari wa mafuta, aliingia Agosti 2011, akatoka Agosti 2015, na mwaka 2013 alikaa miezi 8 kambi ya Lemonnier, Djibouti. Dai lake lilipokelewa 18 Septemba 2023, na barua ya uamuzi ni ya 7 Machi 2024. Ana asilimia 10 tu. Tuseme rufaa inampandisha hadi 60. Akiwahi ndani ya mwaka, malipo ya 60 yanaanza 1 Oktoba 2023, kwa kuwa VA hulipa kuanzia siku ya kwanza ya mwezi unaofuata. Akichelewa, karatasi ikapokelewa 2 Juni 2025, yanaanza 1 Julai 2025. Tofauti ya malipo ya mwezi kati ya 60 na 10, kwa viwango vya mtu asiye na mke wala watoto ili hesabu iwe nyepesi, ni hii:

Oktoba na Novemba 2023: miezi 2 × dola 1,153.73
Desemba 2023 hadi Novemba 2024: miezi 12 × dola 1,190.65
Desemba 2024 hadi Juni 2025: miezi 7 × dola 1,220.42

Jumla ni dola 25,138.20. Kosa ni la kusoma 03/07 kinyume. Viwango hupanda kila 1 Desemba, ndiyo maana hesabu ina mistari mitatu.

Neno la pembeni kuhusu saa. Miadi ya uchunguzi ikiandikwa 8:00 asubuhi, kwetu ni saa 2. Askari hatakosea, lakini mama aliyepokea simu na kuandika "saa nane" kwenye karatasi ya friji atamkosesha uchunguzi. Dai litaamuliwa bila daktari kumwona, na mara nyingi huanguka.

Wiki ya 3: kusoma barua ya kukataliwa

Watu husoma mstari mmoja, "limekataliwa", wanakasirika, wanaandika kurasa tatu za malalamiko. Barua ina sehemu mbili zenye faida kuliko hasira hiyo: yaliyokubaliwa kwa upande wako, na hitaji lililokosekana.

Mahitaji ya kuhusisha ugonjwa na utumishi ni matatu. Ugonjwa uwepo sasa, umeandikwa na mtaalamu. Kiwepo kilichotokea jeshini: jeraha, ugonjwa, au kukaa kwenye hatari fulani. Na uwepo uhusiano kati ya hayo mawili. VA ikishaandika kwamba imekubali mojawapo, mwamuzi anayefuata amefungwa nalo isipokuwa lionekane kosa la wazi lisilo na ubishi. Kwa hiyo usipoteze risasi kuthibitisha lililokwisha kuthibitishwa.

Faili la mfano lina masuala manne:

Mlio wa masikioni: umekubaliwa, asilimia 10.
Uvimbe sugu wa ndani ya pua: umekubaliwa, asilimia 0.
Kukatika pumzi usingizini: limekataliwa.
Mgongo wa chini: limekataliwa.

Mlio wa masikioni tunauacha. Asilimia 10 ndiyo dari yake, sikio moja au yote mawili. Pua nayo tunaiacha kwa sasa: kupata 10 bila vinyama vya puani lazima pande zote mbili ziwe zimeziba zaidi ya nusu, au upande mmoja uzibe kabisa, na vipimo vya mfano havifiki hapo. Wasomaji wengi wanaidharau sifuri hii. Wasiidharau, maana ndiyo ngazi ya dai la usingizi, kama wiki ya 5 itakavyoonyesha.

Pua ilikubaliwaje? Kwa sheria ya PACT, iliyotiwa saini 10 Agosti 2022. Aliyetumikia sehemu zilizoorodheshwa anahesabiwa kuwa alivuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka na vumbi, bila kutakiwa kuthibitisha. Orodha hiyo inagusa ukanda wetu. Tangu 2 Agosti 1990: Bahrain, Irak, Kuwait, Oman, Qatar, Saudia, Somalia na Falme za Kiarabu. Tangu 11 Septemba 2001: Afghanistan, Djibouti, Misri, Yordani, Lebanon, Syria, Uzbekistan na Yemen. Kenya haimo. Aliyekaa Manda Bay, Lamu, bila kukanyaga Djibouti wala Somalia, hana dhana hiyo ya moja kwa moja, yaani kuhesabiwa bila kuthibitisha. Njia ya kawaida ya mahitaji matatu iko wazi kwake, na akionyesha ugonjwa pamoja na kazi yenye hatari ya sumu, VA inatakiwa imtafutie uchunguzi na maoni ya daktari. Kosa tulilolikuta kwenye rasimu yetu wenyewe ni sentensi iliyosema "Afrika Mashariki imo". Imefutwa.

Ushahidi wa mahali ni DD-214, hati ya kutoka jeshini, kisanduku cha 18 cha maelezo, ambako safari nyingi za kazi huandikwa kwa jina la nchi. Kisipotaja nchi, tafuta amri za safari, hati za malipo ya eneo la hatari, au fomu ya afya baada ya safari, DD 2796.

Wiki ya 4: njia ipi

Swali ni moja tu: kilichokosekana ni ushahidi, au ushahidi upo ila umesomwa vibaya?

Kama ni ushahidi, njia ni dai la nyongeza, 20-0995. Linahitaji kitu kipya ambacho hakikuwemo faili, na chenye kugusa jambo linalobishaniwa. Nakala ya pili ya ripoti ileile si mpya. Barua ya mchungaji kwamba wewe ni mtu mwema ni mpya, lakini haigusi kitu. Uzuri wa njia hii ni kwamba VA bado ina wajibu wa kukusaidia: ukitaja kliniki na kusaini Fomu 21-4142 na 21-4142a, itaziomba rekodi.

Kama ushahidi ulikuwemo ukasomwa vibaya, njia ni mapitio ya ngazi ya juu, 20-0996. Mwamuzi mzoefu zaidi anasoma upya faili kama lilivyokuwa siku ya uamuzi. Huongezi karatasi hata moja. Ukiambatisha, haitasomwa. Huwezi kuomba mapitio juu ya mapitio kwa suala lilelile, wala mapitio baada ya Bodi.

Suala moja haliendi njia mbili kwa wakati mmoja, lakini masuala mawili ya barua moja yanaweza kuachana. Faili la mfano linafanya hivyo: usingizi kwa 20-0995, mgongo kwa 20-0996. Pua na masikio haviandikwi popote. Anayejaza "yote" kwa pupa anafungua mlango uliokuwa umefungwa vizuri.

VA imejiwekea lengo la wastani wa siku 125 kwa kila moja ya njia hizi mbili. Ni lengo, si ahadi.

Wiki ya 5 na 6: barua ya daktari

Wiki mbili zimekwenda hapa, na hapa ndipo madai mengi hufia.

Kukatika pumzi usingizini hakumo kwenye magonjwa ya dhana ya PACT. Barua ya mfano inakubali kwamba ugonjwa upo, kwa kipimo cha usingizi cha 2019, na kwamba Djibouti inatambuliwa. Kilichokosekana ni uhusiano. Askari hakupimwa usingizi jeshini, na miaka 4 kati ya 2015 na 2019 ni pengo. Badala ya kuvuka pengo hilo kwa kuruka, tunapita kwa pua: ugonjwa uliokwisha kukubaliwa unapozaa au kuzidisha ugonjwa mwingine, huo wa pili nao unahesabiwa wa utumishi.

Hoja mpya peke yake haitoshi, lazima ije na ushahidi. Wala haipelekwi kwa fomu ya dai jipya, 21-526EZ, kwa sababu ugonjwa ni uleule uliokataliwa. Inapita 20-0995.

Rasimu ya kwanza ya barua ya daktari wa mfano ilisema: "Ninaamini matatizo yake ya usingizi yanaweza kuwa yametokana na pua." Barua hiyo haina thamani. "Yanaweza kuwa" ni kubahatisha. Kipimo cha VA ni uwezekano sawa kwa sawa, yaani asilimia 50 au zaidi, na mizani ikilingana mdai ndiye anayeshinda. Daktari lazima atumie maneno ya kipimo hicho, kwa Kiingereza chake cha kisheria. Kijitabu kitayaweka kwenye kisanduku ayanakili.

Lakini maneno ya mkato bila sababu nayo ni ganda. Mahakama ya rufaa ya madai ya maveterani ilisema katika Nieves-Rodriguez dhidi ya Peake, 2008, kwamba uzito wa maoni ya daktari uko kwenye hoja zake. Hoja za mfano ni hizi. Pua ikiziba, mtu huvuta hewa kwa nguvu zaidi na shinikizo ndani ya koo linashuka, na nyama laini za koo hujikunja kuziba njia. Akihamia mdomoni, taya hurudi nyuma na ulimi nao. Kisha daktari aonyeshe kwamba kwa mgonjwa huyu hivyo ndivyo ilivyo: tarehe za pua kuziba, dawa alizotumia, na kama mashine ya hewa ilimshinda wakati pua imeziba.

Halafu uzito wa mwili. Mchunguzi wa VA ataandika "unene ndio sababu" na kufunga ukurasa. Barua inayokwepa unene inaonekana kuwa na la kuficha. Iutaje: kilo ngapi alipoingia, ngapi alipotoka, ngapi siku ya kipimo, na kwa nini pua bado ina mchango wake hata unene ukihesabiwa.

La mwisho, ambalo madaktari karibu wote husahau: kusababisha na kuzidisha ni maswali mawili. Barua isiyojibu la pili inaacha nusu ya dai njiani. Katika El-Amin dhidi ya Shinseki, 2013, mahakama ilikataa maoni ya "hauhusiani" kama jibu la swali la kuzidisha. Daktari akisema umezidishwa, aonyeshe hali ilikuwaje kabla ya kuzidi, maana VA hulipa kile kilichoongezeka tu.

Kwenye asilimia: namba 6847 ya jedwali la VA la asilimia hutoa 50 pale mashine ya kusaidia kupumua, kama CPAP, inapohitajika. Kuwa nayo chumbani si kuhitaji. Tafuta mstari wa daktari unaosema ni hitaji la kitiba.

Wiki ya 7: maelezo ya mashahidi

Fomu ni 21-10210. Shahidi anasema alichoona, alichosikia, na lini. Hatoi jina la ugonjwa wala sababu yake, hiyo si kazi yake. Tumeweka mifano miwili ubavu kwa ubavu.

Wa kwanza: "Mume wangu anaumwa sana tangu arudi kutoka jeshini na anastahili kusaidiwa."

Wa pili: "Tulianza kuishi nyumba moja Januari 2016, miezi mitano baada ya yeye kutoka jeshini. Tangu wiki ya kwanza nilimsikia akikoroma, kisha ananyamaza kimya muda wa kuhesabu hadi kumi na tano, kisha anashtuka akivuta hewa kama mtu aliyeibuka majini. Nilimwamsha mara mbili tatu kwa usiku. Asubuhi pua ilikuwa imeziba, anapumulia mdomo."

Wa pili unajaza miaka 3 kati ya lile pengo la miaka 4. Mwenza wa hema Djibouti aliyesikia mkoromo uleule angeshuhudia ya kabla ya pengo hilo.

Shahidi asiyejua Kiingereza aandike Kiswahili chake, kwa mkono kama apendavyo. Ambatisha tafsiri, na mtafsiri aandike chini kwamba anazijua lugha zote mbili, tafsiri ni sahihi na kamili, jina, saini, tarehe. Asiwe mdai mwenyewe. Usimpambie mama Kiingereza cha wakili. Maelezo ya mashahidi watatu yenye sentensi zinazofanana neno kwa neno hupoteza uzito yote matatu.

Wiki ya 8: mgongo, na simu ya mapitio

Askari wa mfano aliumia mgongo akipakua mapipa mwaka 2013, na ziara mbili za zahanati zimo kwenye rekodi. Kwenye uchunguzi wa VA alieleza kwamba maumivu hayakukoma. Mchunguzi akaandika: hakuna rekodi ya matibabu 2014 hadi 2020, hivyo hayahusiani.

Hapa hakuna haja ya karatasi mpya. Kosa liko ndani ya faili. Dalton dhidi ya Nicholson, 2007, inakataza mchunguzi kupuuza maelezo ya mdai na kutegemea ukosefu wa rekodi peke yake. Barr dhidi ya Nicholson, mwaka huohuo, inasema VA ikishaamua kutoa uchunguzi, lazima uwe wa kutosha.

Kwenye 20-0996 weka alama ya kuomba mazungumzo ya simu. Ni simu moja, na mwamuzi anapiga kwa namba usiyoijua. Simu inayozuia namba ngeni, au iliyozimwa zamu ya usiku, inakupotezea nafasi. Anza na karatasi moja mbele yako, mistari mitatu: ukurasa wa ripoti ulipo, maelezo yako yaliyorukwa, unachoomba. Kwa mfano wetu, kinachoombwa ni kutamkwa kwamba VA haikutimiza wajibu wa kusaidia kabla ya uamuzi. Likikubaliwa, suala hurudishwa kwa uchunguzi mpya. Si ushindi bado, ila tarehe ya awali inabaki hai. Usisimulie ugonjwa upya, na usiseme "nina karatasi nyingine hapa". Hawezi kuipokea.

Ripoti ya uchunguzi utaipataje? Ikiwa ilifanywa na mkandarasi, huenda isionekane kwenye akaunti ya VA.gov. Iombe pamoja na faili zima kwa Fomu 20-10206. Huchukua miezi, na faili linaweza kuja na kurasa mamia. Iombe siku barua inapofika, lakini ukiona mwaka unaisha, tuma rufaa bila kuisubiri.

Wiki ya 9: hesabu, na Bodi kwa ufupi

Asilimia za VA hazijumlishwi. 50 ya usingizi inaacha 50 ya mwili isiyo na ulemavu, na 10 ya masikio inachukua sehemu ya kumi ya hiyo, yaani 5. Jumla 55, inapandishwa kuwa 60.

Sasa tuseme mgongo nao umeshinda, asilimia 20. Panga kwa ukubwa: 50, kisha 20 ya iliyobaki ni 10, inakuwa 60. Kisha 10 ya 40 iliyobaki ni 4. Jumla 64, inashushwa kuwa 60. Mgongo haujaongeza senti. Wasomaji wawili wa rasimu walitaka sura ya mgongo iondolewe kwa sababu hiyo. Imebaki. Mgongo ukikubaliwa, matibabu yake yanakuwa ya utumishi, na ganzi ya mguu itakayotokana nao kesho ina pa kushikia.

Bodi, Fomu 10182, ina foleni tatu: jaji asome faili lilivyo, au uongeze ushahidi ndani ya siku 90 tangu Bodi ipokee fomu, au usikilizwe na jaji na kuongeza ushahidi siku hiyo na siku 90 baadaye. Ushahidi uliotumwa nje ya dirisha lako haumfikii jaji, hata ukiwa wa dhahabu. Foleni ya kwanza ndiyo fupi, lengo lake siku 365. Mwenye miaka 75 na zaidi, mgonjwa mahututi au aliye kwenye dhiki kubwa ya fedha anaweza kuomba atangulizwe. Bodi ikikataa, una siku 120 kwenda mahakamani au mwaka mmoja kurudi na dai la nyongeza. Kwa faili la mfano, Bodi ni mapema mno.

Wiki ya 10: kutuma, majina, na vishoka

Makosa ya kutuma ni ya kijinga na ndiyo mengi. Fomu bila saini. Jina la suala lisilolingana na barua: barua imesema mkazo wa misuli ya kiuno, wewe umeandika "mgongo". Safu ya tarehe ya uamuzi imejazwa tarehe ya leo. Kupakia kwenye VA.gov ndiko salama, maana unabaki na uthibitisho. Kwa posta, karatasi za madai hupokelewa Janesville, Wisconsin, na za Bodi huenda Washington. Tuma kwa rejista na uhifadhi risiti.

Majina yetu nayo ni shughuli. Amina Juma Said jeshini ni Said, kliniki walimwandika Juma, na cheti cha ndoa kina jina la babu. Ombi la rekodi linarudi "hakuna mtu huyo". Weka ukurasa mmoja wenye majina yote aliyowahi kuandikwa na kila moja limetumika wapi. Waliopitia ukimbizi na kuandikiwa 1 Januari kama siku ya kuzaliwa waongeze na hilo.

Msaada wa bure upo kwa mashirika yaliyoidhinishwa na VA, kama DAV, American Legion na VFW, kwa Fomu 21-22. Wakili au wakala aliyeidhinishwa, Fomu 21-22a, haruhusiwi kutoza kwa dai la kwanza. Baada ya uamuzi anaweza, na asilimia 20 ya malimbikizo huhesabiwa kuwa ada ya haki, wakati inayozidi thuluthi moja huhesabiwa kuwa si ya haki mpaka athibitishe. Vishoka wasioidhinishwa hutoza mara kadhaa ya ongezeko la mwezi, kutoka mfukoni mwako, na wakikosea hawawajibiki popote. Jina la anayekusaidia litafute kwenye orodha ya ofisi ya mwanasheria mkuu wa VA kabla ya kumpa namba ya hifadhi ya jamii.

Kazi iliyobaki

Ukurasa wa maelezo ya mke unahitaji mfano wa mama anayeishi Kigoma au Kisumu, aliyesikia kwa simu tu na kumwona mwana likizo moja. Tarehe za tiketi ndizo zitakazoshikilia maelezo yake.

Kisanduku cha maneno ya daktari kipitiwe na mtu aliyeidhinishwa kabla ya kuchapwa.

Kalenda ya ndani ya jalada: miezi kwa majina, si kwa namba. Imeshachorwa, imebaki kuondoa 03/07 moja iliyojificha kwenye mfano wa ukurasa wa 31.